Kifua cha Dadi

Akida Abdulkarimu alisema Dadi anajifanya mgonjwa. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, mbali na ghala la pamba, na askari wake wawili wakacheka, maana kucheka nako kulikuwa sehemu ya kazi yao.

"Mtu mzima, ndevu zimemjaa, anakaa kitako katikati ya shamba la serikali eti pumzi imekwisha," akasema. "Sasa nimemweka ndani na pamba yenyewe. Wazoeane."

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo ni Johari binti Swalehe, dada yake Dadi. Alikuwa amesimama juani na birika la kahawa mkononi. Dadi alikuwa amefungiwa ghalani tangu jana yake mchana, na kutoka pale uani Johari aliweza kumsikia. Mtu mwingine angesikia kikohozi tu. Yeye alisikia ule mluzi mwembamba unaofuata baada ya kikohozi, akajua kwamba kifua kimeanza kufunga, na kwamba kikiachwa humo siku nyingine nzima hakitafunguka tena.

"Bwana Akida, ana pumu," akasema. "Tangu mdogo. Kila mtu hapa anajua."

"Mie sijui."

"Muulize yeyote."

"Nikimuuliza mvivu habari za mvivu mwenzake, ataniambia nini?" Akida alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Nenda kachume pamba, mwanamke. Kapu la ndugu yako bado tupu."

Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakisemeshwa mwaka ule, kutoka Kibiti mpaka mtoni. Mdachi alitaka pamba, akida aliambiwa ailete, na akida akawaambia watu kwa kiboko. Mpunga wa watu uliliwa na ndege na nguruwe, kwa kuwa wenye kuulinda walikuwa wameinamia mipamba. Ukikaa chini unajifanya. Ukisimama polepole unajifanya. Ukifa, nadhani, wangekuchunguza kwanza.

Johari aliijua pumu kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi: alijua inapokasirika na inapotulia. Mama yao alifariki Dadi akiwa bado wa kubebwa, na kazi ya kukilea kifua kile akairithi Johari. Alijua kwamba moshi wa kuni mbichi huiamsha, na vumbi la kupepeta mpunga, na baridi ya alfajiri wakati wa kipupwe. Kuliko vyote huamshwa na ule unyoya wa pamba, unaoruka hata usipouona. Basi jiko lake alilihamishia nje, na mvua ikinyesha alipika chini ya upenu huku analowa. Mpunga wake alipepeta Dadi akiwa hayupo. Dadi alimlaza ameegemea ukuta. Kifua kikimbana, alimkalisha, akamwinamisha mbele, viwiko juu ya magoti, akamfundisha kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Halafu kahawa chungu yenye tangawizi, moto moto. Na hakuruhusu mtu amwambie ajikaze, maana hofu hubana kifua kuliko moshi.

Haya aliyapata kwa kugombana. Shangazi yao mmoja alishikilia kwamba Dadi ana pepo, akamfunika shuka gubigubi juu ya chetezo cha mafusho ili pepo atoke. Pepo hakutoka, ila pumzi ilikaribia kutoka. Johari alilikwapua shuka, akakitupa chetezo uani na makaa yake, na tangu siku hiyo shangazi hakusema naye mpaka anaingia kaburini. Majirani wakasema Johari anamlea mwanamume kama yai. Aliwajibu mara nyingi, na majibu yenyewe hayaandikiki.

Sasa pale uani hakusogea. Alimtazama Akida. Hakumtazama kwa adabu, na kwa kuwa hakumtazama kwa adabu aliona vitu ambavyo watu waliokuwa wakitazama chini hawakuviona.

Akida alikuwa amepandisha mabega. Maneno yake aliyakata vipande, matatu manne, kisha akameza. Mishipa ya shingo ilikuwa ikimtuna kila alipovuta hewa. Pamba ilipimwa uani na yeye akiwa barazani, upande upepo unakotokea, na hakuna aliyewahi kumwona akivuka kizingiti cha ghala. Kanzu yake ilinuka udi, si udi wa Ijumaa, bali udi wa mtu aliyelala ndani ya moshi wake.

Johari akaelewa. Huyu naye anayo. Anayo na anaificha, kwa sababu Mdachi hana kazi na akida anayehema. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa ameamua kuwaua wengine kwanza.

Na huo udi? Udi nao aliuelewa. Wakati ule habari za maji zilikuwa zimeshafika. Watu walitoka milima ya Matumbi na vibuyu, wakasema maji haya ukinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi itakudondokea kama tone. Wengi pale kijijini walisikiliza wakaguna tu. Aliyeamini sawasawa alikuwa Akida. Kifua chake kilianza kumbana alipoletwa kwenye pamba, na maneno ya maji yakaja msimu huohuo, naye akaunganisha. Akaona ndiyo yanayomnyonga. Basi kila usiku, wapita njia wakiona, alifunga madirisha yote, akafukiza udi na ubani mpaka chumba kikawa cheupe, ili uchawi usipite. Kila asubuhi akaamka hoi kuliko jana, na jioni akaongeza ubani.

Johari angeweza kumwambia kweli. Lakini kweli ingefanya nini? Angekana, ampige. Au angeamini, afungue madirisha, apone, na Dadi abaki palepale kwenye unyoya. Mtu kama yule humpi dawa ya bure. Basi akachagua kumpa kile alichokuwa akikiogopa tayari.

"Bwana Akida," akasema, na safari hii alisema kwa sauti, hata wale waliokuwa wakimwaga makapu uani wakageuka. "Huyo unayemwita mwongo anapumua kama unavyopumua weye."

"Sema tena."

"Hulali. Unakesha umekaa. Alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Unafukiza, na kadiri unavyofukiza ndivyo inavyozidi."

Askari hawakucheka. Akida alisimama, akashika nguzo ya baraza.

"Nani kakwambia?"

"Aliyekufunga."

"Nani kanifunga mie?"

"Unayajua," Johari akasema. "Ndiyo hayo unayoyafungia madirisha. Maji."

Wachumaji walisikia. Lile neno lilikuwa likisemwa jikoni na porini, halijawahi kusemwa mbele ya kiti cha akida. Uso wake ulisawijika, kisha hasira ikampanda, maana mtu mwenye cheo akiogopa hukasirika.

"Mtieni humo ndani pamoja na ndugu yake," akasema. "Na birika lake. Wanyweshane."

Askari mmoja akamshika Johari mkono, mwingine akaenda kufungua mlango wa ghala. Kwa haraka ya kumtii bwana wake akafungua milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Uliingia nyuma ukatokea mbele, ukabeba unyoya wa pamba ya msimu mzima, ukautupa uani. Akida alikuwa ameshuka ngazi kwa hasira yake, kinywa wazi, akitukana. Alivuta hewa ili amalizie tusi.

Hakulimalizia. Alikohoa, akakohoa tena, akashika kifua kwa mikono miwili. Akajaribu kurudi barazani, miguu ikamgomea, akaanguka kwa magoti mbele ya watu aliokuwa akiwapiga. Ule mluzi ukatoka ndani yake, mwembamba, sawasawa na wa Dadi. Hakuna aliyemkaribia. Mama mmoja aliweka kapu chini ili aone vizuri.

Askari alimwachia Johari mkono bila kuamriwa.

"Sema nayo," Akida akasema. Maneno mawili tu yalimtoa jasho. "Yaniachie."

"Dadi kwanza."

"Nitakunyonga."

"Kwa pumzi ipi?"

Akida akatazama ghala, akatazama watu. Akainua kidole kuelekea mlangoni, akakishusha. Askari wakaingia, wakatoka na Dadi wamembeba mabegani, kichwa na ndevu vyeupe kwa unyoya, midomo imebadilika rangi. Johari akawaongoza mpaka pembeni mwa uwanja, panapotokea upepo, akamfuta uso na nywele kwa kanga yenye maji, akamkalisha, akamwinamisha. "Toa kwanza," akamwambia. "Usihangaike kuvuta. Toa. Polepole. Niko hapa." Akamnywesha kahawa kidogo kidogo. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na Akida alisubiri kwenye vumbi kama watu wanavyosubiri barazani kwake.

Dadi alipoanza kusema neno zima bila kulikata, ndipo Johari alipovuka uwanja. Akamtoa Akida kwenye unyoya, akamkalisha vilevile, akamwinamisha vilevile, akampa kahawa iliyobaki, ambayo ilikuwa imepoa. Kifua chake hakikuwa kibaya kama cha Dadi. Baada ya muda kikaanza kulegea.

"Yanakuachia," Johari akatangaza, na ilibidi atangaze, kwa kuwa akida aliyepona bila kuogopa angewanyonga wote wawili kabla ya adhuhuri. "Lakini sikiliza masharti. Usiguse pamba. Usikanyage panapowekwa pamba. Usifukize kitu chumbani, na madirisha uyaache wazi. Ukivunja, yatarudi, na mie sitakuja."

Kila sharti lilikuwa la kweli. Mganga mwenye kitabu asingempa bora zaidi. Uongo ulikuwa kwenye jina tu la kilichomfunga.

Akida alishika masharti kwelikweli. Alilala na madirisha wazi, akalala usingizi, na alipolala usingizi akaogopa zaidi, maana sasa alikuwa na ushahidi. Wiki haikuisha akafungasha, akaenda zake Mohoro kumwambia Mdachi kwamba huku nchi imechafuka. Ghala likabaki wazi. Watu wakaingia shambani, wakang'oa mipamba, na hakuna aliyewazuia.

Johari alirudi nyumbani na ndugu yake, akadhani yamekwisha.

Palikuwa na mtu anaitwa Zaidi. Huyu ndiye aliyeleta kibuyu cha maji kutoka Matumbi, na kwa muda mrefu alikuwa akizunguka nacho bila kupata watu, ila vijana wachache waliotafuta sababu ya kutokwenda shambani. Sasa hakuwa na haja ya kuzunguka. Walikuja wenyewe. Walikuwa wamemwona akida kwa magoti, na wameyasikia maneno kwa mdomo wa Johari, mwanamke ambaye hakuwahi kuyasifia maji hata siku moja. Shahidi gani bora kuliko huyo? Wakanywa wazee waliokuwa wakiguna. Wakanywa waoga. Akanywa na Dadi.

Johari alimkuta anarudi, paji la uso linang'aa.

"Umefanya nini?"

"Nimefanya wanavyofanya wanaume wenzangu."

"Dadi, nilimdanganya yule mbwa. Hakuna maji yaliyomfunga. Ana pumu kama yako. Ni ule unyoya, na udi wake mwenyewe. Nilitaka akutoe."

Dadi alitabasamu, na tabasamu lile lilimkera Johari kuliko kofi.

"Hukumdanganya, dada. Ulitumwa useme bila mwenyewe kujua. Mie nilikuwa ndani mle, nafa. Ulipolitaja tu, mlango ukafunguka."

"Ulifunguliwa na askari mjinga."

"Na kifua changu je? Nimekohoa tangu siku ile? Nimelala wapi, nimelala vipi, nikakohoa?"

"Hukohoi kwa kuwa huchumi pamba. Mipamba imeng'olewa, utakohoa na nini?"

"Lo," Dadi akasema. "Ndiyo hiyo. Mipamba imeng'olewa kwa nguvu ya nani?"

Jambo baya la mabishano yale ni kwamba kila alichokishika Johari kilikuwa kweli, na kila kweli ilimrudia. Maisha yake yote alikuwa amempa Dadi hewa kijiko kwa kijiko. Sasa hewa imejaa, na shukrani inakwenda kwenye kibuyu.

Akamfuata Zaidi kwake, mbele ya wanaume waliokuwa wakinoa mikuki, akasema wazi. Akasema habari za udi na unyoya, akasema akida ni mgonjwa tu, akasema risasi haina pumu na haitulizwi kwa kahawa. Zaidi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu uliomtia Johari baridi.

"Siku ile ulisema ni maji, mbele ya watu," Zaidi akasema. "Leo unasema si maji. Akida kakupa nini baada ya siku ile?"

"Hajanipa kitu, mwana haramu weye."

"Basi nani anakutuma kuvunja watu mioyo?"

Wanaume wakanung'unika. Mmoja akaokota donge la udongo, akamtupia, likampata begani. Johari akamtafuta Dadi kwa macho. Dadi alikuwa pale, anamwona.

"Mwondoeni," Dadi akasema. "Mie huyu simjui tena."

Safari iliwekwa iwe kesho yake, waende kuungana na wenzao wa Matumbi wakalipige boma la Mdachi. Alasiri ile Dadi alikuwa kwa Zaidi akipewa miiko: wasilale na wanawake, wala wasipokee kitu cha kunywa mkononi mwa mwanamke. Johari aliposikia mwiko wa pili alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kahawa yake nayo imeharamishwa.

Akaondoka, akaenda ghalani. Pamba ilikuwa bado imejaa, hakuna aliyeitaka. Akachota mikono miwili, akaifunga kanga, akarudi nayo chumbani kwa Dadi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Hakuhitaji kuwaza sana. Konzi moja ichambuliwe vizuri, itiwe ndani ya mto na chini ya mkeka, na alfajiri ya safari Dadi hataweza kusimama. Angebanwa, angehema, angelia kwa hofu. Zaidi na jeshi lake wangeondoka bila yeye, kwa sababu vita havimsubiri mtu anayekohoa. Kisha yeye angemtoa nje, angemkalisha, angemfungua kifua kama alivyokifungua mara zote. Hakuna mwingine aliyejua kukifunga kifua kile na kukifungua.

Aliinua mto. Akauona ukuta Dadi anapoegemea, umelainika kwa mgongo wake. Wahenga wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Johari aliijua methali hiyo, aliitumia sana kwa wengine. Alikaa na pamba mapajani mpaka vidole vikafa ganzi. Mikono yake ilikuwa imepigana na vumbi lile tangu akiwa msichana, na sasa alipoiamuru iliweke kitandani, ilikataa. Alijichukia kwa kukataa kwake. Akatoka, akaenda mbali, upande upepo unakokwenda, akaikung'uta kanga mpaka haukubaki hata uzi mmoja, akanawa, akarudi kukitandika kitanda.

Asubuhi wakaondoka wakiimba. Dadi alikuwa anaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, jambo ambalo hajawahi kuliweza. Alipita mbele ya mlango wa Johari asigeuze shingo.

Kipupwe kilipokwisha, Zaidi alirudi. Alirudi bila kibuyu, mkono mmoja umefungwa kitambaa chenye damu kavu, na waliorudi naye walikuwa wachache kuliko wanaotosha kuchimba kaburi. Kwa nini alianzia kwa Johari, Mungu anajua. Alisimama nje ya upenu, mahali jiko lilipokuwa.

"Sikuja kugombana," akasema.

Johari hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliendelea kuchochea moto.

"Ilikuwa ile bunduki inayotema mfululizo," Zaidi akasema. "Hakuteseka. Tulikuwa tunapanda kuelekea bomani, wengi wetu tumechoka hoi, tumebaki nyuma. Yeye katangulia. Wallahi, kifua hakikumsumbua. Njia nzima, milima yote ile, hakukohoa hata mara moja. Alikuwa wa kwanza kabisa. Nikaona nije nikwambie hilo, upate kutulia. Alikuwa anapumua vizuri."

Zaidi akangoja alie, akawa hajui aangalie wapi.

"Ningemtia pamba kitandani," Johari akasema.

"Unasemaje?"

"Pamba nilikuwa nayo. Ningemjazia kitanda kizima. Angekuwa humu ndani sasa hivi, anakohoa, ananichukia."